Gauni la Namba Arobaini na Moja

"Nimekuja kuchukua gauni la mke wangu. Namba arobaini na moja."

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na najua wapo walionitukana. Haya, tumerudi. Mwanamume yule bado amesimama mlangoni, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya shati. Karani wa mapokezi bado ameachama. Na nyuma ya pazia, hatua nne tu kutoka hapo, namba arobaini na moja mwenyewe amekaa kwenye kiti cha vipimo, kidole kina tone la damu, na sauti ya mumewe ameisikia.

Kama hukuwa nasi, sikiliza upesi. Hapa si kwa fundi. Ni kliniki, vyumba viwili ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, bila kibao wala bango. Watu huja kuchukua dawa kinga, kidonge kimoja kila siku, kinachomlinda mtu asipate virusi vya UKIMWI hata kama anayelala naye anavyo. Majina hayaitwi, zinaitwa namba. Siku ya kurudi ikifika, kila mmoja hutumiwa ujumbe wa kuzugia kwenye simu, ili mwenzake akiusoma asishtuke. Kiatu chako kimeshonwa. Saa yako imepona. Gauni lako liko tayari.

Anayechagua ujumbe ni karani, mzee mmoja mwenye maneno mengi ambaye kliniki nzima humwita Redio. Kwa jina hilo ungedhani hafai kazi ya siri, lakini kwa miaka sita hajatoa ya mtu hata moja. Kosa lake ni hili tu: fomu haina mahali pa kuandika kazi ya mume. Basi kati ya wanawake wote waliosajiliwa, mke wa fundi cherehani ndiye aliyemtumia ujumbe wa gauni!

Mke simu kaiacha nyumbani kwenye chaji, kaaga anakwenda sokoni. Mume kausoma ujumbe, na namba arobaini na moja imeandikwa chini yake. Kaipigia simu iliyoutuma. Na Redio, kama alivyofundishwa, kamjibu kwa sauti ya biashara: "Karibu sana bwana, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, njoo na namba tu."

Ndiyo huyo kaja.

"Sista," Redio akaita bila kugeuza shingo. "Kuna mteja."

Nyuma ya pazia, Arobaini na Moja alimkamata muuguzi mkono.

"Usimwambie, Sista. Alishaniapia, siku nikileta habari za kupimana ndani ya nyumba yake, nirudi kwetu na nguo nilizovaa. Na watoto ananinyang'anya."

"Kidonge cha mwisho umekunywa lini?"

"Jana."

"Basi leo huondoki bila dawa. Kaa hapo, usikohoe."

Mwingine angetetemeka. Sista hakutetemeka. Tangu amzike mdogo wake miezi kumi iliyopita, hatetemeki, halii, chai haina ladha mdomoni, na watu wakicheka yeye huwatazama akingoja wamalize. Amekufa ganzi. Mikono inafanya kazi saa nane kwa siku, inachoma vidole, inaandika mafaili, inahesabu vidonge. Mwenyewe hayupo.

Akatoka mbele ya pazia. Hakuwa na koti jeupe, kwa sababu hapa hawavai makoti meupe.

"Fundi yuko wapi?" mwanamume akauliza.

Redio, maskini, akanyoosha kidole. "Huyu hapa."

"Ndiye mimi," Sista akasema, macho makavu.

"Wewe?" Akamkagua kuanzia kichwani mpaka miguuni, akakomea kwenye sketi. "Na pindo hilo limefumuka?"

"Natanguliza nguo za watu."

"Mimi pia ni fundi, dada. Mwaka wa kumi na tisa huu. Mke wangu hajavaa nguo ya mkono mwingine tangu nimwoe. Hebu niambie, umempima vipi?"

Kweli Sista alikuwa amempima. Akajibu kama anasoma faili. "Urefu mita moja na sentimita sitini na mbili. Kilo hamsini na nane."

"Kilo?" Fundi akaruka. "Tangu lini gauni likapimwa kwa kilo?"

Redio akakohoa. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wawili, mwanamke wa makamo na mwanamume aliyejificha nyuma ya gazeti, kila mmoja na namba yake mfukoni.

"Ndiyo mtindo wa siku hizi," yule mwanamke akadakia. "Hata mimi walinipandisha kwenye mizani. Na blauzi yangu, wiki ya pili sasa nazungushwa!"

"Suruali yangu je?" likauliza gazeti.

Watu hawa hawajuani hata kwa salamu. Lakini hakuna aliyetaka pazia lile lifunguliwe, maana kesho aliye nyuma yake angekuwa yeye. Redio nusura acheke. Sista aliwatazama tu.

Fundi alikuwa amekuja na ugomvi wake tayari, ukamfia mkononi. Akaishika tepu yake akaizungusha kidoleni.

"Si kwamba namdhania mabaya," akasema polepole. "Ila tangu mwaka jana havai nguo mpya ninazomshonea. Namshonea, anakunja, anaweka kabatini. Nikaona leo nije nilione gauni lenyewe, nijue mimi nimekosea wapi."

"Njoo Jumamosi."

"Ujumbe unasema liko tayari leo."

"Bado pasi."

"Basi nasubiri." Na akakaa! Akakaa kwenye benchi, katikati ya blauzi na suruali, akiutazama mlango, na kliniki hiyo ina mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. "Mbona cherehani sizisikii?"

"Tunamalizia kwa mkono," Redio akasema, na jasho likamchuruzika.

Sista akarudi nyuma ya pazia.

Kipimo kilikuwa kimelala juu ya meza, kidude cheupe kisichofika urefu wa kidole. Ukitokea mstari mmoja, kipimo kimefanya kazi na virusi havipo. Ikitokea miwili, vipo. Wa kwanza hutokea daima. Wa pili ndio unaowatoa watu jasho, na bila kuhakikisha kwamba haupo, sheria ya kazi inasema dawa kinga haitolewi.

Dakika kumi na tano zilikwisha. Mstari ulikuwa mmoja.

Arobaini na Moja akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika bila sauti. Sista akaandika kwenye faili: hana. Akatoa chupa tatu kabatini, za miezi mitatu.

Sasa, chupa hizi zina ubaya mmoja, zinalia. Vidonge thelathini ndani ya plastiki, ukitembea navyo mkoba mzima unapiga kelele, na kila mtu anajua hiyo ni sauti ya dawa. Sista alizoea kuzijaza pamba juu zinyamaze. Pamba ilipokwisha stoo, Arobaini na Moja ndiye aliyeleta ujanja. Ziara iliyopita alikuja na mfuko wa vipande vya vitambaa kutoka chini ya cherehani ya mumewe. Tangu hapo nusu ya chupa za kliniki zimenyamazishwa na masalio ya fundi huyu huyu aliyekaa benchi.

"Nimekuletea vingine," Arobaini na Moja akanong'ona, akautoa mfuko.

Sista akachomoa kipande cha kwanza, cha bluu, akakisokomeza. Akafunga. Chupa ya pili, akachomoa kingine, akakisukuma kwa kidole.

Kidole kikakwama humo humo.

Kitambaa kilikuwa cha njano, kina ndege wadogo weusi, kila ndege ameinua bawa moja.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Hicho hakikuwa sakafuni." Arobaini na Moja alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alikificha kwenye droo ya cherehani, kimekunjwa vizuri kama barua. Nikakikata vipande vipande kwa mkasi wake mwenyewe. Sista, wewe nitakwambia. Mume wangu alikuwa na mtu. Alimshonea gauni la kitambaa hicho, usiku na mchana, mimi akaniambia ni la mteja. Huyo mtu akafa mwaka jana. Wakasema kifua, lakini maneno ya mtaani yalinifika. Nikamwomba tukapime, akapandwa na mori. Ndipo nikaja kwenu. Hajui kwamba najua."

Sista akawatazama wale ndege.

Gauni lile analijua. Alilikuta kabatini kwa mdogo wake, jipya, halijavaliwa hata siku moja. Mdogo wake alikuwa mbishi. Kila Sista alipomletea habari za kinga alimjibu, "Dada, hizo ni za wenye mambo mengi, mimi nina mtu wangu mmoja." Mtu gani? Hakusema. Alipougua akaficha, alipopewa dawa za kufubaza virusi akazitupa kwa aibu, na alipokubali kumwita dada yake alikuwa hawezi kusimama. Kwenye maziko hakuna mwanamume aliyejitokeza.

Mikono ya Sista ikaendelea, kama ilivyozoea. Ikakisukuma kile kipande mpaka chini. Ikafunga. Ikachomoa cha njano kingine kwa ajili ya chupa ya tatu.

"Kidonge kimoja kila siku, saa ile ile," ikasema sauti yake. "Ukisahau, usinywe viwili kwa..."

Kiwiko kikaigonga chupa ya tatu. Ikaanguka mezani, ikadunda sakafuni, ikabingirika mpaka ukutani ikilia njia nzima. Vidonge thelathini, hakuna hata uzi wa kuvituliza.

Kule mbele fundi akasikia.

"Kitu gani hicho?" Benchi likakwaruza. Viatu vikaanza kuja.

Sista akalipita pazia upesi, akasimama mbele yake. "Vifungo. Vimemwagika."

"Vifungo havilii hivyo," fundi akasema. Kisha macho yake yakashuka mpaka mkononi mwa Sista. Kile kipande bado alikuwa amekishika.

Rangi ikamtoka usoni.

"Hicho... hicho nilikiweka mimi. Umekipataje?"

Hapa, msomaji, Sista angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya vizuri tangu asubuhi bila moyo kugonga. Lakini alifungua mdomo, na kilichotoka si uongo.

"Lilikuwa na vifungo kumi na moja," akasema. "Mgongoni. Vidogo, umevivisha kitambaa hiki hiki."

"Umejuaje? Hakulivaa hata mara moja. Alisema analiweka, atalivaa siku yake ya furaha."

"Alilivaa. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo. Nilianzia chini, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Halafu tukamtoa nje, tukaenda kumzika."

Fundi akapapasa ukuta, akaupata. Akamtazama Sista, akalitazama benchi, akamtazama Redio ambaye sasa alikuwa anasoma kalenda kwa bidii. Yote yakamfunukia kwa mkupuo.

"Wewe ndiye dada yake. Alikuwa anakutaja, dada yangu muuguzi, dada yangu muuguzi." Akaliangalia pazia. "Kwa hiyo hapa si kwa fundi."

"Si kwa fundi."

"Shemeji," akasema.

Neno hilo halikuwahi kusemwa kwa Sista na mtu yeyote duniani. Lilimpata kifuani. Kwa miezi kumi hakuna kilichomgusa, si pole za watu, si udongo, si chumba kitupu, leo neno moja la mwanamume asiyemjua likamchoma, na hasira ikapanda mpaka kooni. Iliuma. Alikuwa amesahau jinsi kitu kinavyouma.

"Usiniite hivyo!" Sauti ikampasuka. Redio akageuka, hajawahi kuisikia. "Maziko yake ulikuwa wapi?"

"Nilisimama ng'ambo ya barabara. Niliona jeneza tu."

"Na tangu hapo umepima?"

Akatikisa kichwa.

"Miezi kumi!"

"Naogopa." Akaivua tepu shingoni, akaishika kwa mikono miwili. "Kila asubuhi najipima kiuno kwa hii kabla mke wangu hajaamka. Nasema nikikonda, nitajua. Themanini na nne. Haijashuka. Kila siku nasema leo itashuka."

Lo, mtu na akili zake! Yule mwanamke wa blauzi akainamisha kichwa.

"Tepu haipimi hivyo," Sista akasema. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imechoka ghafla.

"Basi nipime wewe. Sasa hivi, dada, kabla miguu haijanitoa hapa." Na akaanza kukunja mkono wa shati, akilielekea pazia. "Ni huku?"

"Ngoja."

"Nikingoja sirudi, najijua."

"Kuna mtu kwenye kiti."

"Na atoke!"

Sista akatandaza mikono. Moyo ulikuwa unamdunda mpaka masikioni. Nyuma yake mama wa watu amekaa na dawa mapajani, mbele yake mwanamume ambaye kwa mara ya kwanza anataka kupima, na akimkatalia leo huenda asimwone tena mpaka mtu mwingine amfunge mkewe vifungo. Na pazia ni kitambaa tu, kila neno lilikuwa limepita.

Pazia likavutwa. Fundi alikuwa hajaligusa.

"Ametoka," Arobaini na Moja akasema. "Kiti kiko wazi. Kaa."

Mume akamkodolea macho. "Mama watoto... si ulisema sokoni? Na gauni?"

"Hakuna gauni." Aliinua ile chupa ya tatu aliyoiokota, akaitikisa mara moja, cheke, mbele ya watu wote na bila kujificha. "Nakuja kuchukua hizi. Nakunywa kila siku, mwezi wa saba huu, nisipate ulichonacho kama unacho. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Lakini utanifukuza ukishapima."

Kisha akamgeukia Sista, na sauti yote ikamwishia. "Sikujua ni mdogo wako, Sista. Wallahi sikujua. Nimekata kitambaa cha gauni la marehemu wako nikaja kukigawa."

Sista alitaka kumwambia haidhuru, kwamba kitambaa chake kimewanyamazishia watu dawa na mdogo wake angecheka kusikia. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni machozi, mengi, ya aibu, pale pale mbele ya wateja, na hakuyafuta.

Fundi alikaa. Alikaa taratibu kama mzee, akauweka mkono mezani, kiganja juu.

Sista akafungua pakiti mpya. Mikono ile iliyochoma vidole vya watu miezi kumi bila kukosea ilikuwa inatetemeka, na ilibidi mke wa mtu aushike mkono wa mumewe ili sindano ipate mahali. Tone likaingia. Matone ya dawa yakafuata.

"Dakika kumi na tano," Sista akasema.

Mke akavuta stuli, akakaa. Hawakuangaliana. Kule mbele Redio alisikika akimwambia mtu aliyegonga mlango kwamba leo mafundi wana kazi nyingi, arudi mchana.

Dakika ya tano, mstari wa kwanza ukatokea, ule unaotokea daima. Fundi akaubana mkono wa mkewe, na mkewe hakuutoa. Wote watatu wakainama juu ya meza, wakitazama mahali pa mstari wa pili.